Upepo Uliolaza Mchanga wa Titani

Anaboom, Mto Kuiseb
9 Machi 2008

Lukrezia mwanangu,

Barua yako imefika jana na gari la maji la mjomba wako Efraim. Imekunjika na inanuka dizeli, ila halikupotea hata neno. Nimeisoma mara tatu: ya kwanza peke yangu, ya pili kwa sauti mbele ya pipa la nara, ya tatu mbele ya jirani yetu Hendrina, kwa makusudi.

Sisi wazima. Nara mwaka huu zimejaa matutani, matunda makubwa kama vichwa vya watoto wachanga, na vidole vyangu vina miiba mpaka kijiko nakishika kwa kiganja. Tunapika kila siku. Uji wake tumeutandaza mchangani ukauke, na mbegu tumezijaza magunia mawili. Hendrina ana gunia moja na nusu, lakini sikuja hapa kumsema mtu.

Nilikuwa nakoroga nilipowatangazia wanawake: "Lukrezia wangu amepewa mwezi."

Hendrina hakuinua hata uso. "Mwezi upi? Huu?"

"Huu ni wa kila mtu, hata mbwa wanaubwekea. Wake ni mwezi wa Zohali, ile sayari yenye pete. Unaitwa Titani, ni mkubwa kuliko huu wetu, na una matuta ya mchanga kama haya unayoyaona."

"Nara za huko anavuna nani?"

"Hakuna nara. Hakuna mtu."

"Basi tuta lisilovunwa halina mwenyewe, Sibilla. Mwanao amepewa kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitaka."

Neno hilo liliniunguza kuliko pipa. Wewe unajua, kila tuta letu lenye nara lina ukoo wake, na ukoo usipopeleka mikono yake kuvuna, wengine wanaanza kulitazama. Sasa waulize wakubwa wako huko: matuta ya Titani yameandikwa kwa ukoo gani? Kama hayajaandikwa, sema wewe ndiye uliyetangulia kuyaangalia, na mama yako ni shahidi.

Nikwambie siri. Tangu barua yako ije, mimi nakwenda huko. Si usingizini, ni nikikoroga. Mvuke unapanda, jua linageuka rangi ya chungwa, mara naona natembea na mbuzi wangu juu ya tuta refu lisilo na mwisho, na miguu haina uzito. Mbuzi hawali chochote, lakini hawalalamiki. Halafu mtu ananiita, "Sibilla, inaungua," nami narudi.

Kula vizuri. Usikubali baridi ikuzoee.

Mama yako,
Sibilla Swartbooi


Groningen, Uholanzi
2 Aprili 2008

Mama yangu,

Nakusalimu kutoka chini ya mvua isiyo na haraka ya kuisha. Barua yako niliisoma maktaba, nikacheka mpaka watu wakageuka.

Hapana, matuta ya Titani hayajaandikwa kwa ukoo wowote. Na mimi, Mama, sikupewa mwezi. Nimepewa kipande cha picha, upana wa kiganja, nihesabu mistari yake. Tafadhali usiwaambie watu nimepewa mwezi.

Lakini huko unakokwenda ukikoroga, umekuona vizuri. Mbingu yake ni ukungu wa rangi ya chungwa, mzito, haupasuki hata siku moja. Jicho haliwezi kupenya, kwa hiyo chombo kilichotumwa kinapapasa ardhi kwa mawimbi ya redio, kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Siku yao moja ni siku zetu kumi na sita. Zohali yenyewe, ukisimama upande unaoielekea, haichomozi wala haizami. Imening'inia mahali pamoja nyuma ya ukungu, kubwa, kimya. Mvua ikinyesha, tone lina ukubwa wa mbegu ya nara, nalo linashuka polepole kama unyoya. Ungeliona linakuja, ukamaliza hadithi yako, kisha ukasogea. Si maji lakini. Ni kama gesi ya kupikia iliyopoa mpaka ikawa ya kumiminika. Mchanga wake ni mweusi, kama machicha ya kahawa chini ya birika lako. Na hewa ni nzito, mwili ni mwepesi, hata mtu akijifunga mbawa mikononi angepaa. Wewe ungepaa, Mama, na ndoo yako.

Picha nimekubandikia hapa chini. Mistari myeusi ni matuta. Doa jeupe katikati ni mlima, na utaona mchanga ulivyoupita. Nina swali dogo tu, la kujifurahisha: kwa jicho lako, upepo uliolaza mchanga huu ulitoka upande wa mawio au wa machweo?

Usijisumbue sana nalo.

Mwanao,
Lukrezia


Anaboom
27 Aprili 2008

Lukrezia mwanangu,

Umemuuliza anayejua. Yule mtafiti mwenye ndevu aliyepotea mwaka wa gharika, nani alimkuta? Wenzake walikuwa na mashine za kusikiliza angani. Mimi nilitazama chini. Kwa saa mbili tu nikamleta, amekaa juu ya punda kama mzigo wa kuni, analia.

Picha yako niliitazama nikiwa nakamua mbuzi, na sikuhitaji kuacha kukamua. Mchanga umejikusanya nyuma ya mlima, mkia wake umelala kuelekea baharini. Basi upepo umetoka bara, kwenye mawio. Ni upepo wa mashariki huo, andika hivyo, sema mama yako kasema.

Na usidhani ni upepo wa kila siku. Upepo wa kila siku unafuta nyayo na kututilia mchanga kwenye chai, basi. Tuta halitikisiki. Ni ule wa siku chache, ule wa majira ya baridi unaokuja na joto kama mlango wa tanuri, ukang'oa bati la mtu. Huo ndio unaojenga matuta. Mwaka mzima unalala, siku tano unafanya kazi, kama mjomba wako Efraim.

Watu nimewaambia hukupewa mwezi. Nimewaambia umepewa matuta yake tu. Hapo nadhani nimekuwa mnyenyekevu vya kutosha.

Lile tone la mvua limekaa nami. Juzi nilikuwa naanika nguo, nikajikuta nimesimama, shati mkononi, nalingojea lifike.

Mama yako,
Sibilla


Groningen
20 Mei 2008

Mama,

Halikuwa swali dogo. Nisamehe kwa kulifunika.

Mwalimu wangu anaitwa Daktari Verhoeff. Kwa miaka kumi na moja amepiga hesabu za upepo wa Titani, na hesabu zinasema pale penye matuta upepo unavuma kutoka mawio kwenda machweo. Mimi tangu Januari, kila nikitazama picha ile, naona kinyume: umetoka machweo, umekwenda mawio. Nilimwambia mbele ya wenzetu. Alinijibu kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko ukali. "Binti, picha ina njia nyingi za kudanganya. Hesabu haina."

Tarehe 26 Juni baraza la wasomi litatusikiliza. Nafasi yangu hapa inaisha Agosti, na anayeongezewa muda ni mwenye neno lake mwenyewe la kulifuatilia. Neno langu lilikuwa hilo moja.

Nilikuuliza bila kukwambia haya ili usinipendelee. Nawe ukajibu bila kusita, ukaona alichoona yeye. Mama, sijui mtu duniani anayesoma mchanga kama wewe. Nilikuwa na miaka saba nilipokuona unafuata nyayo za mbuzi aliyepotea siku tatu, upepo umeshapita juu yake. Jicho lako na hesabu yake vikikubaliana, basi jicho bovu ni langu. Leo nimeandika karatasi ya kulifuta neno langu, nimempelekea.

Nitakuja nyumbani Agosti. Najisikia kama mtu anayeshuka kule Titani, anaanguka taratibu mno mpaka anapata muda wa kuangalia kila kitu anachokiacha.

Lukrezia


Anaboom
8 Juni 2008

Lukrezia, Lukie wangu,

Unakuja. Nimeandika neno hilo kwenye ukuta wa jiko kwa mkaa.

Chumba chako nimekipaka rangi, bluu, ile iliyobaki kwa mchungaji. Yule beberu mweupe nimemfunga kamba nyekundu ili asiuzwe, anakungoja. Efraim amesema atakufuata mjini kwa gari la maji hata kama watu watakaa na kiu siku mbili. Nimewaambia wote kwamba Daktari Verhoeff na mimi tumefikia uamuzi mmoja, yeye kwa miaka kumi na moja, mimi kwa ndoo moja ya maziwa.

Hendrina bila shaka hilo lilimnyima usingizi. Alikuja asubuhi, kajifunika blanketi, akasema, "Sibilla, upepo unauonaje kwenye karatasi? Karatasi haipepei."

Nikamwambia, "Kaa hapa mlangoni kwangu, nilipokaa mimi. Matuta yako mbele yako?"

"Yako mbele. Yataenda wapi?"

"Bahari iko wapi?"

"Mkono wa kulia."

"Haya, shika picha, isimamishe mbele yako kama matuta yanavyosimama. Mkia wa mchanga umelala mkono upi?"

Alikodoa macho, akasogeza karatasi, akairudisha. "Wa kulia."

"Kulia kuna nini?"

"Bahari." Akaufuata mkia kwa kidole. "Kwa hiyo umetoka bara. Kumbe ni rahisi."

"Ni rahisi ukishafundishwa," nikamwambia, na nikampa kahawa, maana nilikuwa na furaha.

Neno moja tu linanikwaruza. Umesema jicho lako ni bovu. Jicho hilo nimelizaa mimi, mwanangu. Nilijibu swali lako kama mtu aliyeulizwa mbuzi amepita wapi. Ningejua umeweka maisha yako juu yake, ningeacha kukamua.

Lakini unakuja. Ukuta unasema hivyo.

Mama yako,
Sibilla


Groningen
28 Juni 2008

Mama,

Kaa chini kabla hujasoma.

Barua yako ilifika Jumanne, siku mbili kabla ya baraza. Niliifungua mezani. Nilipofika pale ulipomkalisha Hendrina mlangoni, niliacha kijiko ndani ya supu. Matuta mbele, bahari mkono wa kulia.

Mama, watu wa huku wanachora ardhi kaskazini ikiwa juu ya karatasi, na picha ile ilichorwa hivyo. Mkono wake wa kulia ni mawio, si bahari. Sisi tumezaliwa ukingo wa kaskazini wa mto, tunatazama matuta, na matuta yako kusini. Kwetu ndiyo yako juu, ndiyo yako mbele. Nimeishi na ramani zao miaka minne mpaka nikasahau nilivyokuwa nakaa nyumbani. Niliigeuza picha juu chini, nikairudisha, nikaigeuza tena. Uliona upepo ukitoka kushoto kwenda kulia. Mimi pia. Kushoto kwako ni bara, kushoto kwangu ni bahari. Wakati wote tulikuwa tunaona kitu kimoja. Sikuchora mshale wa kaskazini. Kosa ni langu.

Alhamisi nilisimama. Verhoeff alikuwa na ile karatasi yangu mkononi. Akasema, "Mwezi jana uliandika kwamba umekosea. Leo unasema ulikosea kukosea?" Ukumbi ukacheka. Nikasema ndiyo, nilimwamini mtu aliyeisoma picha kusini ikiwa juu. "Mtu gani huyo?" Nikasema, msomaji mmoja wa mchanga, nyumbani. Jina lako sikulitaja, Mama. Sikutaka wakucheke.

Akaniuliza, "Basi hesabu zangu ni uongo?" Nikajibu kwamba huenda ni za kweli tupu, ila ni za upepo wa kila siku, na upepo wa kila siku hufuta nyayo tu. Wa siku chache ndio hujenga. Kule dhoruba zinaweza kuja mara moja baada ya miaka mingi, zikavuma kinyume na siku zote, zikalaza mchanga, zikaondoka. Hakucheka mtu. Verhoeff alikaa akiipapasa kalamu yake. "Huo upepo wa siku chache," akasema, "umewahi kuuona Titani?"

"Bado."

"Basi una mwaka mmoja wa kuutafuta."

Hakukubali. Hakukataa. Nafasi yangu imeongezwa.

Kwa hiyo siji, Mama. Najua ukuta umeandikwa. Najua chumba ni bluu. Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani, kwa sababu nina furaha, na furaha yangu imetoka kwako.

Lukrezia


Anaboom, lakini si nyumbani
21 Julai 2008

Lukrezia mwanangu,

Barua yako niliikalia siku nne. Siku nne hizo sikumwambia mtu. Nilifuta ukuta wa jiko kwa kitambaa cha maji, mkaa ukaenea, sasa ukuta mzima ni mweusi na Efraim anauliza kama palishika moto.

Nilikasirika. Kukukasirikia kwa kutokuja, hilo ni la mama yeyote, litapita, halijapita bado. La pili ndilo lililonikalia kooni: umeulizwa mtu gani, ukasema msomaji mmoja. Msomaji mmoja ni nani? Mbele ya wasomi wote hao ukanifunika kama sufuria iliyoungua. Ulidhani mama yako anataka jina lake litajwe siku ya sifa tu? Mimi ni Sibilla Swartbooi nikipatia, na ni Sibilla Swartbooi nikikosea. Waambie. Andika kwenye hayo maandishi yako: Sibilla Swartbooi aliishika picha kwa namna ya kwao.

Mimi huku nimeshasema. Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado wanatafuta kofia zao, nilisimama nikasema, "Ngojeni. Yule Verhoeff sijakubaliana naye. Nilishika picha juu chini. Aliyepatia ni Lukrezia, na haji Agosti, anabaki kuutafuta upepo."

Halafu Hendrina, kutoka benchi la nyuma: "Yaani Sibilla kasimama kichwa chini kama mende wa matutani anayeinua mkia ukungu umtiririkie mdomoni."

Wakacheka wote, mchungaji akajifanya anakohoa. Nikamwacha acheke. Kisha nikamwambia, "Na wewe Hendrina uliyesema kumbe ni rahisi, ulisimama vipi?"

Hapo wakacheka upya, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika benchi. Tulipotoka alinishika mkono. Akasema, "Lakini mtoto huyu, Sibilla. Alikuamini wewe kuliko macho yake. Wangu hata kwa chumvi ya mchuzi hawaniamini." Tulitembea hivyo, mkono kwa mkono, mpaka kwenye zizi.

Leo asubuhi upepo wa mashariki umeanza, wa kwanza mwaka huu, wenye moto wake. Nimewaacha mbuzi kwa Efraim, nikachukua kopo la maji na karatasi, nikavuka mto. Hauna maji, mchanga tu na majani makavu. Nimepanda tuta la kwanza, la pili, nikafika kwenye kilele kirefu kile ambacho hatukipandi bila sababu. Nimekaa, nikageuka.

Sijawahi kuitazama nyumba yetu kutoka huku, Lukie. Miaka hamsini na sita nimetazama matuta kutoka mlangoni. Hata nikivuna nara natazama chini; sikuwahi kukaa juu yake nikautazama mlango. Nyumba ni ndogo kama kiberiti. Moshi wa Hendrina unalala. Tambarare ya changarawe inaanza nyuma ya nyumba inakwenda kaskazini, inakwenda tu, mpaka inayeyuka kwenye anga, na vumbi limeigeuza anga yote rangi ya chungwa. Mchanga unapita chini ya miguu yangu kama maji, unaimba kidogo. Nikiinua mguu, sina hakika utarudi chini haraka.

Bahari iko mkono wa kushoto.

Nimeitoa picha yako, nimeisimamisha mbele yangu, ukingoni, nikaishika kwa mikono miwili upepo usiipeleke. Nimeitazama taratibu safari hii. Sikuwa nakamua chochote. Mlima huu hapa. Mchanga unakuja kutoka kushoto, kutoka baharini, unaukuta mlima, unagawanyika, unaupita, unaungana tena, unalala kuelekea mawio.

Umeona sawa, mwanangu. Nami nimeona.

Kaa huko, utafute upepo wako.

Mama yako,
Sibilla Swartbooi